Wimbo wa Mpagazi: Muziki, Siasa na Ibada katika Njia ya Msafara ya Tabora

Kila uchaguzi unapokaribia, wachungaji wengi hupokea barua za namna moja. Mgombea, au kamati yake, anaomba kwaya ya usharika ije kuimba katika mkutano wa hadhara. Barua huahidi nauli na chakula, na pengine sare mpya. Mchungaji huipeleka mbele ya baraza la wazee, na hapo wazee hugawanyika. Wako wasemao kwamba wimbo wa Injili haupaswi kupanda jukwaa la siasa. Wako pia wasemao kwamba Injili ihubiriwe kila mahali, hata jukwaani. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba mabishano hayo huanzia mahali pasipofaa, kwa sababu pande zote mbili hudhani kwamba wimbo, siasa na ibada ni vitu vitatu vilivyokuwa mbalimbali, na kwamba sasa ndiyo kwanza vinataka kuchanganywa. Historia ya Tabora na ya njia ya msafara iliyopita hapo haikubaliani na dhana hiyo.

Wimbo chini ya mzigo

Katika karne ya 19 Tabora, ambayo wasafiri wa kwanza kutoka Ulaya waliijua kwa jina la Kazeh, ilikuwa njia panda ya biashara yote ya bara. Msafara kutoka Bagamoyo ulitembea zaidi ya kilomita 800 kabla ya kufika Unyanyembe, safari ya miezi miwili, mitatu, au zaidi ikiwa kuna njaa au vita njiani. Kutoka Tabora njia moja ilielekea Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857. Livingstone na Stanley walikaa pamoja katika tembe la Kwihara mwaka 1872, na mwaka uliofuata mwili wa Livingstone ulipita hukohuko mabegani mwa watu waliokuwa wakiupeleka pwani.

Hapa yafaa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Watumwa walipitishwa katika njia hiyo, nao waliteseka sana. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi walio wengi walikuwa watu huru, walioajiriwa kwa ujira, na kazi hiyo kwao ilikuwa heshima. Kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi: nguo, shanga na nyaya za shaba wakati wa kwenda bara, pembe za ndovu wakati wa kurudi. Mbele yake alitangulia kirangozi na bendera, pamoja na ngoma au baragumu. Kirangozi hakuwa bwana wa msafara. Alikuwa mtu wa wapagazi wenyewe, na ndiye aliyeanzisha wimbo. Mstari wote nyuma yake ulimwitikia.

Je, waliimba nini? Wasafiri walioandika habari za misafara wanatueleza kwamba waliimba juu ya njia, chakula, nyumbani na wanawake waliowaacha. Waliimba pia juu ya bwana wa msafara mwenyewe. Akiwa mkarimu alisifiwa. Akipunguza posho, au akilazimisha mwendo mrefu bila maji, alisikia habari zake zikiimbwa na mamia ya watu mbele ya masikio yake, wala hakuwa na la kufanya, maana asingeweza kuuchapa viboko mstari mzima, na bila wao mali yake ingebaki porini. Kwa maneno mengine, huyu aliyelipwa ujira hakuuza ulimi wake pamoja na mabega yake. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa mengine yote tutakayoyasema yanalitegemea.

Nguo iliyobebwa

Katika mizigo hiyo nguo iliyotakiwa kuliko zote kwa muda mrefu ilikuwa pamba nzito isiyotiwa rangi, ambayo mpaka leo wazee wanaiita amerikani. Jina lake lasema ilikotoka. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, ikaweka balozi mdogo Unguja mwaka 1837, na meli za Salem zikawa zikileta nguo zilizofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Pamba ya viwanda hivyo ililimwa kusini mwa nchi hiyo na Waafrika waliokuwa utumwani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861, pamba ilikatika, na nguo za Uingereza na Uhindi zikachukua nafasi.

Hivyo katika miaka ileile nguo moja ilipita katika mikono ya watu wa aina mbili walioimba kazini, bila wao kujuana: mtumwa katika shamba la pamba, na mpagazi katika njia ya Unyanyembe. Nyimbo za mtumwa wa Marekani zilikuwa za Biblia: Musa na Farao, Danieli katika tundu la simba, mto Yordani. Bwana wa shamba alisikia dini tu. Mwimbaji alisikia hukumu juu ya bwana wa shamba. Nyimbo hizo ziliendelea kuishi makanisani hata baada ya utumwa kukomeshwa, na katika miaka ya 1950 na 1960 ndizo zilizotembea barabarani pamoja na watu weusi waliodai haki zao. Wimbo maarufu wa harakati hizo, unaotangaza kwamba watu watashinda, mara nyingi huhusishwa na tenzi iliyochapishwa na mchungaji Mmethodisti Charles Tindley mwaka 1901. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ibada ilikomea wapi na siasa ilianzia wapi, na swali lenyewe lingewashangaza waimbaji.

Hatusemi haya ili kuwasifu Wamarekani kupita kiasi. Katika nchi hiyohiyo nyimbo za dini zimetumiwa pia kuwatakasa wagombea na kubariki vita. Ujerumani nayo ilifanya vivyo hivyo mwaka 1914, ilipougeuza wimbo wa Luther juu ya ngome kuwa wimbo wa askari. Kanisa letu lenye jina la Luther lingefanya vyema kulikumbuka hilo kabla ya kumsahihisha mtu mwingine.

Wageni wenye vitabu vya nyimbo

Kabla ya kuja kwa misheni, nchi ya Wanyamwezi ilikuwa na ngoma za namna nyingi. Kulikuwa na ngoma za kulima, za wawindaji, za Bayeye wanaocheza na nyoka, na za Baswezi wanaopandwa na pepo. Kulikuwa na ngoma za mtemi, zilizokuwa alama ya utawala wake. Kwa hiyo mtu aliyepiga ngoma aligusa mamlaka fulani, ya mizimu au ya mtemi.

London Missionary Society ilifika Urambo mwaka 1879 kwa Mtemi Mirambo, na Daktari Ebenezer Southon akakaa naye kwa urafiki hadi alipofariki mwaka 1882. Mirambo naye alifariki mwaka 1884. Mwaka 1898 kazi ya Urambo ilikabidhiwa kwa Wamoravian, ambao baadaye walifungua Kitunda, Sikonge na vituo vingine. Wapo wanaofikiri kwamba watu hawa hawakujua thamani ya muziki. Sivyo. Kanisa la Ndugu lilichapa kitabu cha nyimbo Prague mwaka 1501, kabla Luther hajabandika hoja zake. Tangu mwaka 1732 waumini wa Herrnhut huenda makaburini alfajiri ya Pasaka kumtangaza Bwana aliyefufuka, na matarumbeta yamekuwa sehemu ya desturi hiyo. Walikuja Unyamwezi wakiwa watu wa wimbo, wakawakuta watu wa wimbo.

Hata hivyo ngoma ilikatazwa. Katika misheni karibu zote za nyakati zile, aliyeonekana ngomani aliweza kutengwa na Meza ya Bwana. Hatuna budi kuwatendea haki waliotoa amri hiyo: hawakuwa wakikataa mdundo tu, kwani ngoma ya Baswezi ilikuwa ibada kweli, na Mkristo mpya asingeweza kuishiriki nusunusu. Kosa lilikuwa kuziweka ngoma zote katika kapu moja. Ngoma ya kulima na wimbo wa mpagazi havikuwa na mzimu ndani yake. Vilikuwa na kitu kingine, yaani haki ya mtu mdogo kumwambia mkubwa ukweli mbele ya watu. Na haki hiyo ilitupwa nje pamoja na pepo. Mkristo alipewa tenzi nzuri za toba na za sifa, zenye tuni za Ulaya, lakini hakupewa wimbo wa kumkosoa mzee wa kanisa mchoyo. Wala misheni haikuutaka.

Wakati huohuo Uislamu ulisafiri njia ileile kwa namna nyingine. Tarika ya Kadiria iliwakusanya watu wa kila hali katika dhikiri na maulidi. Sheikh Yahya bin Abdallah wa Bagamoyo, ajulikanaye kama Sheikh Ramiya, aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa mtoto, naye hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa kiongozi wa tarika mwenye wafuasi mbali bara. Twaamini kwamba wanafunzi wetu wa theolojia wangefaidika kwa kuuliza kwa nini mtumwa wa zamani aliweza kuongoza wimbo huko mapema kuliko kwetu.

Waliokatazwa ngoma na misheni, au waliochoshwa nayo, walipata beni. Ngoma hiyo ilizaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga bendi za kijeshi, vyeo vyake na magwaride yake. Vita Kuu ya Kwanza iliwachanganya askari na wapagazi wa nchi nzima, na Tabora yenyewe ilitekwa na majeshi ya Ubelgiji mnamo Septemba 1916. Baada ya vita vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa vimeenea miji ya bara. Waingereza waliviogopa, wakidhani nyuma ya tarumbeta kuna njama. Njama haikuwapo, lakini hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Vyama hivi vilikuwa na viongozi, michango, barua kutoka mji hadi mji, na utani mkali juu ya wakubwa. Watu walikuwa wakijifunza kujitawala kwa kucheza.

Uamuzi wa Busara

TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilielewa upesi jambo ambalo misheni haikulielewa. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza wanawake wa chama hicho, alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma Dar es Salaam, na mwaka 1955 aliwapata wanachama wanawake kwa maelfu kwa kupitia vikundi vya ngoma. Hakuwaita kwenye semina. Aliwafuata mahali walipokuwa wakiimba.

Mnamo Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulikutana Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka masharti ya kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iharibike. Wengi walitaka kuususia uchaguzi huo. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amesoma Tabora na kufundisha St. Mary's katika mji uleule, alishawishi mkutano ukubali kushiriki. Zuberi Mtemvu na wenzake walijitenga. TANU ikashinda, na Uhuru ukafika tarehe 9 Desemba 1961 huku bendera mpya ikipandishwa kwa wimbo ambao asili yake ni sala: tuni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, iliyotungwa mwaka 1897. Hivyo taifa lenye Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi lilichagua kusimama wima na kuomba. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa ibada na siasa kukaa katika wimbo mmoja bila kuumizana. Na tunadhani sababu ni kwamba sala ile inawaombea viongozi, haiwaabudu.

Baada ya hapo mambo yalibadilika polepole. Watemi waliondolewa mwaka 1963. Ngoma za Wanyamwezi zilipata heshima mpya redioni, na Mzee Mwinamila na kikundi chake cha Hiari ya Moyo wakajulikana nchi nzima. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kila shule, kiwanda na kambi ya jeshi ilikuwa na kwaya, nayo iliimba kwa sauti nne zilizojifunzwa kanisani. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Kwaya ya taifa ilirithi kutoka kanisani umbo la wimbo, na pamoja na umbo ilirithi tabia yake, yaani sifa na shukrani bila lawama. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Chama cha Mapinduzi kilikuwa na Tanzania One Theatre chini ya Kapteni John Komba, ambaye hadi kifo chake mwaka 2015 aliwaliza na kuwachangamsha watu kwa ufundi usiokanushika. Nyimbo za kwaya yake zingeweza kubadilishwa maneno machache zikaimbwa Jumapili ya mavuno. Na nyingine za Jumapili ya mavuno zingeweza kubadilishwa maneno machache zikaimbwa jukwaani. Hatumlaumu marehemu. Kwaya zetu ndizo zilizokuwa zimeandaa njia.

Tuni ilirudi, lawama haikurudi

Itasemwa kwamba Kanisa limekwisha kurekebisha kosa lake. Ni kweli kwa sehemu. Hapa Tanzania Padre Stephen Mbunga aliandika juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, mwaka ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango kwa muziki wa wenyeji. Huko Makumira Mchungaji Howard Olson, Mmarekani, alikusanya tuni za makabila yetu na kuwahimiza wanafunzi kuziandikia maneno. Ndipo tukapata kitabu cha Tumshangilie Mungu, na wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa wenye tuni ya Kihaya. Nyimbo hizo zilitafsiriwa kwa Kiingereza, na leo zimo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani. Wakati fulani amerikani ililetwa Tabora mabegani. Sasa mzigo umekwenda upande wa pili.

Lakini tukizipitia nyimbo hizo tutaona kwamba nyingi ni za furaha na za kumwita Roho. Hizo ni njema. Zile zinazofanya kazi ya zaburi za malalamiko, ambazo ni sehemu kubwa ya Zaburi, ni chache mno. Tumechukua mdundo wa ngoma na kuacha kazi yake moja muhimu.

Sasa turudi kwenye barua iliyo mezani mwa baraza la wazee. Kitabu cha Danieli, sura ya 3, kinataja vyombo vya muziki kimoja kimoja, tena kwa kurudiarudia mpaka msomaji anachoka, ili aone jinsi mfalme alivyotumia muziki kama amri ya kusujudu. Wale vijana watatu hawakuulaumu muziki. Walikataa kusujudu uliposikika. Katika Zaburi ya 137 waliowateka Wayahudi wanaomba burudani ya nyimbo za Sayuni, na wateka hao hawakuwa na haja ya kuzikataza, kwa kuwa wimbo mtakatifu unaoimbwa ili kumfurahisha bwana wa utumwa umekwisha kunyamazishwa. Augustino naye, katika Maungamo, alihofu kwamba sauti yaweza kumgusa kuliko neno linaloimbwa. Mgombea anaijua hofu hiyo kwa upande wa pili: anaitaka sauti, maneno yatakuwa yake.

Kwa hiyo tunapendekeza wazee wasianze na swali kama siasa ni chafu. Waulize kwanza kama kwaya ikienda itaruhusiwa kuchagua nyimbo zake yenyewe, na ukiwamo wimbo wa Amosi au wa Mika juu ya wanaomeza maskini, kama utaachwa uimbwe hadi mwisho. Waulize kama mgombea wa chama kingine akileta barua kama hiyo wiki ijayo atapewa jibu lilelile. Waulize nani atalipa gari, na kama sare zilizopokewa zitarudishwa iwapo mwalimu wa kwaya ataona baadaye jambo la kulikosoa. Kwa kadiri tunavyoona, mialiko iliyo mingi haitapita maswali hayo matatu. Ule utakaopita, usikataliwe kwa woga. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza chama kujengwa juu ya dini. Haikatazi Wakristo kusema ukweli wakiwa wamesimama mbele ya umati.

Kwa vyuo vyetu kazi ni ya muda mrefu zaidi. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi waimbaji, wakiwamo Wanyamwezi, na sauti hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aweza kuanzia hapo. Azisikilize, kisha aende Urambo, Sikonge na Kwihara akawaulize wazee ni nani aliyekuwa akisemwa katika kila wimbo, na alijibu nini.